Alininawisha Akiwa Amesimama

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa kabati la mafaili pale ofisini kwetu Korogwe, na tangu siku hiyo nikitoka nyumbani najikuta napapasa mkoba kuutafuta. Mume wangu anacheka, anasema nimestaafu lakini kabati bado limeniajiri. Basi nimeona heri niwaandikie nyinyi mliobaki, hasa wale makarani wawili wapya, mambo ambayo hayamo kwenye mafaili. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa ngapi msizitafute humu. Zinachosha, na nyingine zitanigombanisha na watu.

Kazi yangu miaka yote ilikuwa moja: karani wa madai katika ofisi ya wakili. Mtu amegongwa na gari, au amepinduka nalo, amevunjika, na gari lina bima. Mimi ndiye ninayemsikiliza, ninayekusanya karatasi zake kuanzia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mpaka risiti ya mwisho ya hospitali, na ninayekaa kando ya wakili wakati wa kuvutana na kampuni ya bima kuhusu fidia. Kuna wanaodhani ni kazi ya kupiga mihuri tu. Jamani! Kazi hii ilinitoa jasho, ikanichekesha mpaka machozi, na hata leo nikiisimulia mwili unanisisimka.

Siku ya kwanza nilifika na kalamu mbili mpya na gauni la kushonesha. Nilizaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa mkonge kule Ngombezi. Baba yangu alikuwa kwenye korona, ile mashine ya kusindika mkonge (jina hilo tulikuwa nalo zamani, kabla dunia nzima haijalijua kwa ubaya), na kwetu mtu wa ofisini alitakiwa apendeze. Karani mkuu alikuwa Mzee Mhina, Mzigua mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama juu mpaka chini, gauni halikumshtua hata kidogo.

"Binti, keti. Niandikie kila kitu anachofanya mama yako tangu aamke mpaka alale. Vitendo tu, sitaki hadithi."

Nikaandika. Anafagia, anateka maji, anakoka moto, anapalilia, anatwanga. Nilijaza ukurasa mzima, nikampelekea najiona hodari. Akausoma taratibu, akanirudishia.

"Mama yako haendi chooni?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Anakwenda, mzee."

"Chenu ni cha kukalia au cha kuchuchumaa?"

"Cha shimo, mzee. Cha kuchuchumaa."

"Basi hicho ndicho kitendo cha kwanza cha siku, na wewe umekiruka. Mtu aliyevunjika goti, kabla hajashindwa kulima, ameshashindwa hapo. Na hatakwambia, anaona haya. Wewe ndiye wa kuuliza."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Mzee Mhina hakutaka kuliona neno "anaumia" kwenye faili lolote. Alikuwa akisema kila mtu anaumia, hata afisa wa bima anaumwa kichwa, na maumivu hayaonekani mezani. Andika hawezi kufanya nini. Daftari langu la vitendo lilianza siku ile, na sasa lipo kwenye droo ya chini, mlilinde. Mtakuta humo kusujudu, kukamua ng'ombe, kumbeba mtoto mgongoni, kushuka kwenye lori, kukuna nazi, kupanda bodaboda kwa kurusha mguu. Zana zangu nyingine zilikuwa mbili tu: futi ya fundi cherehani, ya kupimia kama mguu mmoja umefupika, na kigoda kifupi nilichokiweka chini ya meza. Mteja akija analalamikia goti, simwulizi kitu. Namkaribisha kigoda.

Kesi iliyonipa jina mapema ilikuwa ya fundi cherehani mmoja wa Handeni aliyesagika wayo wa kulia. Kampuni ya bima ikasema fundi anafanya kazi amekaa, anatumia mikono, na mikono yake mizima, sasa anadai nini? Siku ya mazungumzo nilikodi mkokoteni, nikaleta cherehani yake ya kukanyaga mpaka mlangoni. Nikamwambia afisa wao, "Karibu bwana, kaa ushone, lakini mguu wa kulia usiutumie." Alicheka yeye mwenyewe, na baada ya hapo mazungumzo yalikwenda vizuri sana. Siku hiyo Mzee Mhina alininunulia soda. Kwa Mzee Mhina soda lilikuwa jambo kubwa.

Lakini kesi ninayotaka muijue ni ya Mama Upendo, kwa sababu nusura niiharibu mimi mwenyewe.

Mama Upendo naye ni mtoto wa Ngombezi. Babu yake alikuja kutoka Njombe kukata mkonge, na Wabena wale waliishi laini ya pili kutoka kwetu. Aliolewa Kwaluguru, akafiwa na mume, akabaki na shamba la mahindi na ufuta analolilima kwa jembe la mkono. Siku ya ajali alikuwa kwenye gari dogo la abiria akija Ngombezi kumwona mama yake. Gari likaacha barabara. Goti lake la kulia lilipasuka, likafungwa vyuma, mfupa ukaunga, lakini goti likagoma kukunja. Alikuwa akikaa kwenye benchi letu mguu umenyooka mbele, watu wanauruka. Kigoda hakukiweza kabisa.

Daktari wa mifupa alimwambia wazi: goti linaweza kufunguliwa upya, likakunja, ila isipite vuli. Baada ya hapo litakakamaa moja kwa moja. Upasuaji ule hakuwa na namna ya kuupata ila kwa fidia. Kwa hiyo mbele yetu kulikuwa na goti moja na msimu mmoja. Kampuni ya bima nayo ilikuwa na daktari wake, aliyeandika kwamba mfupa umeunga vizuri. Kweli umeunga. Nani alibisha?

Wakaamua kutuma afisa wao wa madai amwone mdai nyumbani kwake. Nikampigia simu Mama Upendo: "Keshokutwa utapata mgeni wa bima. Mpokee vizuri, usimnunie, mjibu yote atakayouliza."

Mpokee vizuri! Mimi, mzaliwa wa Ngombezi, namwambia mwanamke wa Kibena ampokee mgeni vizuri! Nikikumbuka nataka kujipiga kofi.

Wiki mbili baadaye ikaja ripoti. Afisa mwenyewe aliitwa Bwana Elibariki, kijana wa miaka thelathini hivi, kazi yake safi, hana dharau. Alikuwa ameandika alichokiona. Mdai alimpokea mlangoni bila fimbo. Alimkaribisha ugali na kuku. Alimnawisha mikono. Alimsindikiza mpaka barabarani, mwendo wa dakika kumi. Kwa maoni yake mdai amepona, na akiwa ofisini kwa wakili anaigiza. Kampuni ilikuwa tayari kurudisha gharama za hospitali za mwanzo, basi, faili lifungwe.

Nilimpigia Mama Upendo kwa hasira.

"Fimbo yako ilikuwa wapi?"

"Niliificha nyuma ya mlango, dada Mwajuma. Nitampokeaje mgeni na fimbo mkononi, kama namfukuza?"

"Na yule kuku?"

"Jirani alimpika kwake. Mimi nilipokea sahani tu."

"Na kumsindikiza?"

"Nilimsindikiza. Kurudi nilirudi na bodaboda, mguu nimeutanguliza mbele kama mzigo wa kuni. Siku tatu sikunyanyuka."

"Sasa Mama Upendo, kwa nini hukumwambia?"

"Alikuwa anakula, dada. Mtu anakula, umwambie habari za goti?"

Ningemlaumu vipi? Hata mimi nisingemwambia. Nyinyi wadogo andikeni hili popote mtakapoliona kila siku: kabla afisa wa bima hajaenda nyumbani kwa mteja, mwambie mteja amwone kama anavyomwona daktari, asimwone kama mgeni. Nilisahau mara moja tu, na angalia.

Siku ya mazungumzo Bwana Elibariki alikuja Korogwe na gari la kampuni. Alinikuta mlangoni, akasema, "Shikamoo mama," nikamwitikia, ingawa moyoni nilikuwa nimemnunia. Mama Upendo alikuwa kwenye benchi nje. Mzee Mhina alikuwa ameshastaafu, nami ndiye niliyekaa kwenye kiti chake. Wakili wetu alikuwa amekata tamaa. Alishaniambia asubuhi kwamba mahakamani tutakwenda mwaka au miwili, vuli itapita, bora Mama Upendo achukue wanachotoa. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake.

Bwana Elibariki akaisoma ripoti kwa sauti. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi mpaka macho yamechoka nayo, lakini kuisikia kwa mdomo wa mtu aliyekuwepo ni jambo jingine. Akafika pale: "Alininawisha mikono akiwa amesimama imara."

Weee! Nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Rudia hapo, bwana."

"Alininawisha mikono akiwa amesimama imara," akasoma tena, ananitazama kwa wasiwasi.

"Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwenye kigoda, mama. Uani."

"Beseni lilikuwa wapi?"

"Chini. Miguuni kwangu."

"Yeye amesimama wima, jagi liko juu, beseni liko chini. Maji yalifika salama?"

Akatabasamu kwa aibu. "Kwa kweli yalinimwagikia. Suruali ililoa mpaka magotini. Nikajua ni bahati mbaya."

Nilimgeukia wakili, wakili ananiona nimerukwa na akili. Nikachukua jagi letu la chakula cha mchana na beseni lake, nikafunga kanga vizuri, nikapiga magoti mbele ya Bwana Elibariki pale pale kwenye sakafu ya ofisi, na umri wangu huu. "Nyoosha mikono," nikamwambia. Akanyoosha. Nikamnawisha.

"Umeona? Hivi ndivyo mwanamke wa laini ya Wabena anavyomnawisha mgeni. Tangu ana miaka mitano. Mimi si Mbena, nilijifunza kwa kuwatazama majirani. Mwanamke yule akikunawisha amesimama, kwao ni sawa na kukutupia chakula. Angeweza kuteremka, angeteremka. Umeandika ushahidi wetu kwa mkono wako mwenyewe, bwana!"

Vijana mtasema mila za kupigisha wanawake magoti zimepitwa na wakati. Semeni, mimi siwakatazi. Naeleza ushahidi ulivyopatikana.

Bwana Elibariki akajikuna shingo. "Mama, nakusikia. Lakini haya unayasema wewe. Mimi nitajuaje?"

Swali zuri, na nililifurahia! "Gari lako lina mafuta? Ngombezi si mbali. Mama mzazi wa huyu mdai yuko kule. Twende sasa hivi, pasipigwe simu, uone kwa macho yako."

Mama Upendo hakutaka. Alinishika mkono pale nje, akanong'ona kwamba hataki mtu mgeni amwone akimsalimia mama yake. Nilidhani ni haya za kawaida. Nikambembeleza, akapanda gari, mguu ukachukua siti mbili.

Tulifika laini za Ngombezi jua limepanda. Bibi, mama yake Mama Upendo, alikuwa barazani kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani, mwanamke wa miaka themanini hivi. Mama Upendo alichelewa kushuka, kwa hiyo tulitangulia mimi na Bwana Elibariki. Tukamwamkia bibi, akaitikia kwa furaha kwa sababu ananijua tangu nikiwa mtoto. Tukapewa vigoda. Wifi yake Mama Upendo akatoka na jagi na beseni, na kabla hajasema karibu alikuwa ameshapiga magoti. Akamnawisha Bwana Elibariki. Nilimwona kijana anaitazama suruali yake. Ilikuwa kavu.

Hapo ndipo Mama Upendo akatokea kwenye kona, amejishikiza ukutani.

Bibi alimwona. Akauweka ungo chini. Akashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, akaanza kujivuta, anahema, mpaka akasimama wima. Mama Upendo akamsogelea, akainamisha kichwa, mkono bado uko ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama, mama."

Bibi akaanza safari ya kurudi chini kwenye mkeka, na kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Wifi akakimbia kumshika. Sikuwa nimelijua jambo hilo. Nilikuja kutafuta ushahidi wa jagi la maji, na hiki sikukitegemea. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Bwana Elibariki akauliza kwa upole, "Bibi, mbona ulisimama?"

"Huyu mwanangu hunisalimia akiwa chini, baba, tangu alipoanza kutembea. Sasa hawezi kuja chini. Atanisalimia kutoka juu kama askari? Basi mimi ndiye ninayepanda."

"Tangu lini?"

"Tangu lile gari." Kisha akacheka, bibi yule, meno mawili yanaonekana. "Na yangu magoti mabovu pia, lakini ya uzee. Hayana bima."

Tulicheka wote, hata Mama Upendo, huku anajifuta kwa ncha ya kanga. Bwana Elibariki hakucheka sana. Njiani kurudi, tulipofika darajani, akapunguza mwendo. "Mama," akasema, "ile ripoti naomba niiandike upya." Nikamwambia aandike vitendo tu, asiandike hadithi. Akaniomba aone nilivyopanga daftari langu, nikamwonyesha, akanakili kurasa nzima.

Msidhani iliisha siku ile. Wakubwa wake walikaa nasi mara mbili zaidi, na hati ya kumaliza madai ilipokuja, katikati ya maneno mengi waliingiza sentensi kwamba mdai amepona kabisa. Nikaikuta kwenye ukurasa wa tatu, mstari wa chini. Someni mstari wa chini! Mteja akishaweka sahihi hapo, hana pa kurudi. Tuliifuta, tukaandika upasuaji wa pili kwa jina lake, na misimu ya shamba atakayoikosa. Siku walipokubali nilipiga kigelegele ofisini mpaka chai ya wakili ikamwagika juu ya faili. Doa lipo hadi leo, mkilikuta msishangae. Goti lilifunguliwa wiki mbili kabla ya mvua za vuli.

Nilimwona mara moja moja baada ya hapo, anafanya mazoezi, analia, anatukana goti lake kwa Kibena. Halafu ukapita karibu mwaka mzima sikumwona.

Ijumaa ile niliyorudisha ufunguo, wenzangu mliniandalia chakula. Mnakumbuka. Bwana Elibariki alikuja, siku hizi naye ana vijana anaowafundisha, na ninasikia anawapa madaftari ya vitendo. Tukakaa. Nikasikia nyuma yangu, "Dada Mwajuma, nyoosha mikono." Nikageuka, Mama Upendo huyo, jagi mkononi, kitambaa begani, fimbo hana. Nikachungulia hata nyuma ya mlango. Kweli hana.

Akaanza kuteremka. Goti la kushoto kwanza, kisha la kulia, taratibu, likalia kwa sauti watu wote wakasikia. Mimi nikaruka, "Mama Upendo, acha, usijitese, ninawishe hivyo hivyo!"

"Tulia, dada," akasema, sasa yuko chini kabisa, ananitazama. "Goti hili tumelidai mwaka mzima. Niache nilitumie."

Kando yangu Bwana Elibariki alikuwa ameshavuta viatu vyake nyuma, kwa mazoea. Nikanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na halikumwagika hata tone.